Nyuzi 30 zilizotufurahisha bure

Jioni huwafundisha fizikia wanafunzi wa kidato cha sita huku Temeke, chini ya bati ambalo hata saa kumi na mbili bado linatema joto la mchana kutwa. Kila mwaka huwapa hesabu moja ya joto la Dunia, na ninayoyaandika hapa ni ushauri kwa yeyote anayetaka kuijaribu, uliotokana na makosa yangu mwenyewe, hasa lile lililonidanganya kwa kufanana na ukweli.

Msingi wake hautofautiani na daftari la duka: nishati inayoingia kutoka kwenye jua isipolingana na inayotoka, joto hupanda au hushuka mpaka zilingane. Juu ya angahewa, kila mita ya mraba inayolikabili jua hupokea takriban wati 1361, na karibu asilimia 30 ya nishati hiyo huakisiwa na mawingu, barafu na nchi kavu ikarudi ilikotoka. Inayobaki hutoka baadaye ikiwa mionzi ya joto isiyoonekana kwa macho, na kwa kanuni ya Stefan na Boltzmann kiasi chake kwa kila mita ya mraba ni 0.0000000567 mara halijoto ya kelvini (nyuzi za Selsiasi ukiongeza 273) iliyopandishwa kwenye kipeo cha nne.

Mara ya kwanza nilisahau kugawa kwa 4, nikapata kelvini 360, yaani nyuzi 87, joto la kumwivisha mtu. Kosa la namna hiyo halina hatari kubwa, kwa kuwa linajitangaza lenyewe. Hata hivyo, usimwambie mwanafunzi agawe tu bila kuona sababu. Mimi hununua chungwa, nikalikata katikati, nikachora mzingo wa kipande chake mara nne kwenye karatasi, kisha wanafunzi hulimenya na kupanga vijipande vya ganda ndani ya duara hizo. Ganda hujaza duara zote nne. Jua huiona Dunia kama duara moja, lakini nishati hiyo hugawanywa kwa ganda zima, usiku na mchana, hivyo wati 1361 huwa takriban 340, na baada ya kuondoa zinazoakisiwa hubaki 238. Hapo jibu huwa kelvini 255, nyuzi 18 chini ya sifuri, ilhali wastani halisi wa uso wa Dunia ni karibu nyuzi 15.

Pengo hilo la nyuzi 33 ndilo kazi ya angahewa, na njia nyepesi ya kuliingiza kwenye hesabu ni kuichukulia angahewa kama tandiko moja linalopitisha mwanga wote wa jua na kunyonya mionzi yote ya joto inayopanda kutoka chini, kisha kuitoa nusu juu na nusu chini. Ukikokotoa, uso wa Dunia hupata kelvini 303, yaani nyuzi 30. Mwanafunzi mmoja aliruka kwenye benchi: "Mwalimu, hii ndiyo Dar kabisa!" Sikumcheka, kwa sababu miaka ya nyuma nami nilipigia jibu hilohilo mstari mara mbili kwa furaha. Tulikuwa tumelilinganisha na jasho letu, wakati hesabu ilihusu Dunia nzima pamoja na Siberia na Antaktiki, na kwa Dunia nzima imezidi kwa nyuzi 15. Tangu siku hiyo, jibu linaloafiki ninachokihisi mwilini ndilo ninalolikagua mara mbili.

Dawa rahisi ni kukubali kwamba tandiko linavuja. Likinyonya asilimia 78 tu ya mionzi hiyo, uso hupata kelvini 288, yaani zile nyuzi 15. Lakini hapa kuwa mkweli: hiyo 78 tuliipata kwa kurudi kinyumenyume kutoka kwenye 15, kwa hiyo 15 haiwezi tena kuwa ushahidi wa chochote. Iandike pembeni ya daftari kwamba umeipachika. Kipimo cha haki zaidi ni kugusa kitu kimoja na kutazama kinachofuata: pandisha uakisi kutoka 0.30 hadi 0.31, na ile kelvini 255 itapungua kwa karibu nyuzi moja.

Wala usisubiri kompyuta. Mwanasayansi Svante Arrhenius wa Uswidi alikokotoa kwa mkono, mwaka 1896, jinsi kabonidayoksaidi, gesi inayonyonya mionzi ya joto, inavyoathiri joto la Dunia.

Yule mwanafunzi aliuliza baadaye Dar iko wapi katika hesabu yote hii. Haimo. Ili ianze kuonekana inabidi kuigawa Dunia katika mikanda ya latitudo na kuruhusu joto lihame kutoka mkanda hadi mkanda, jambo ambalo wanasayansi wa tabianchi Budyko na Sellers walilifanya, kila mmoja kivyake, mwaka 1969. Tulijaribu kwa mikanda ya nyuzi 10 za latitudo. Dar es Salaam ikaangukia mkanda mmoja na Luanda na Jakarta, miji yote mitatu ikapewa joto moja, bila kaskazi wala masika.