Maswali ya Wasomaji: The Beths na Albamu Yao ya Nne

Tangu tuitaje bendi ya The Beths katika ukurasa wetu wa muziki, barua zimekuwa nyingi kuliko tulivyotarajia kwa kundi linalotoka mbali kiasi hicho. Tunajibu hapa zile zinazohusu albamu yao mpya, Straight Line Was a Lie, iliyotoka tarehe 29 Agosti 2025.

Swali: Ndugu Mhariri, naomba kwanza kujua hawa The Beths ni akina nani. Pili, mnawaita bendi ya kujitegemea, ilhali albamu yao imetolewa na lebo ya Marekani. Huko kujitegemea kuko wapi? (Msomaji, Tanga)

Jibu: The Beths ni bendi ya watu wanne kutoka mji wa Auckland, New Zealand. Elizabeth Stokes ndiye mtunzi na mwimbaji, naye hupiga gitaa pia. Jonathan Pearce anashika gitaa la solo, Benjamin Sinclair besi, na Tristan Deck drams. Stokes alizaliwa Jakarta kwa mama wa Kiindonesia, akahamia Auckland akiwa na umri wa miaka minne. Msingi wao wa muziki ni masomo ya jazi katika Chuo Kikuu cha Auckland, na kabla bendi haijaanza kumtosheleza kimaisha, Stokes alikuwa akifundisha watoto kupiga tarumbeta. Albamu zao tatu za mwanzo ni Future Me Hates Me ya mwaka 2018, Jump Rope Gazers ya 2020 na Expert in a Dying Field ya 2022, ambazo katika soko la kimataifa zilitolewa na Carpark, lebo ndogo ya Marekani. Hii ya nne wameitoa kupitia ANTI-, ambayo ni tawi la Epitaph ya Los Angeles.

Hoja yako ni ya haki, na wengi huikwepa. Katika biashara ya muziki, lebo ya kujitegemea ni ile isiyomilikiwa na makampuni makubwa matatu, yaani Universal, Sony na Warner. Kwa kipimo hicho ANTI- ni ya kujitegemea, kwa kuwa Epitaph ilianzishwa na Brett Gurewitz, mpiga gitaa wa bendi ya Bad Religion, na ANTI- hiyohiyo ndiyo iliyotoa albamu kadhaa za Tinariwen, Watuareg wa kaskazini mwa Mali ambao magitaa yao yanajulikana dunia nzima. Hata hivyo kipimo cha umiliki pekee hakitoshi, maana ipo mikataba ya lebo ndogo inayombana mwanamuziki kuliko ya lebo kubwa.

Kwa maoni yetu, jambo linaloifanya The Beths ijitegemee kwa kweli ni kwamba meza ya kurekodia imo ndani ya bendi. Pearce si mpiga solo tu, bali ndiye fundi mitambo na mtayarishaji wa albamu zao tangu ile ya kwanza, iliyorekodiwa katika studio yake kwenye barabara ya Karangahape mjini Auckland. Lebo imebadilika, lakini aliyekaa mbele ya mitambo ni yuleyule. Maana yake ni kwamba hakuna mtu wa nje anayewaambia kuwa saa za studio zimekwisha, wala anayewalazimisha kuongeza kinanda mahali ambapo gitaa moja linatosha. Wasomaji wetu wenye umri watakumbuka jinsi bendi zetu za dansi zilivyoingia studio za Radio Tanzania, zikarekodi nyimbo kadhaa kwa siku moja, kisha tepu zikabaki redioni. Muziki ulikuwa mzuri kupita kiasi, lakini uamuzi juu ya sauti iliyotoka haukuwa mikononi mwa wapigaji peke yao.

Swali: Mimi hupiga gitaa kanisani na nimezoea mpangilio wa solo, rithim na besi. Nikiwasikiliza hawa nasikia kama magitaa yote yanapiga kitu kimoja, kisha ghafla yanaachana. Wanafanyaje? (Msomaji, Morogoro)

Jibu: Sikio lako ni zuri. Katika dansi na rumba, magitaa hugawana kazi tangu mwanzo: rithim hurudia mzunguko wake bila kuchoka, gitaa la pili hujaza nafasi, na solo husubiri sebene, yaani sehemu ya kuchezea ambayo magitaa hutawala, ili lichukue wimbo mzima. Uzuri wake uko katika muda, kwa kuwa wimbo hupewa dakika saba au nane za kuchemka. The Beths wanafanya kazi ndani ya dakika tatu au nne. Stokes hushika kodi za wimbo, yaani nota kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, mara nyingi kwa sauti iliyokwaruzwa kidogo na amplifaya, na Pearce huanza kwa kumfuata katika kodi hizohizo, ndipo unaposikia "kitu kimoja". Ubeti unapokaribia kiitikio, Pearce hujitoa na kupanda juu kwa vipande vifupi vya nota chache, ambavyo havijibu sauti ya mwimbaji baada ya kumaliza mstari, kama lifanyavyo gitaa la dansi, bali huingia katikati ya maneno yake. Ukitaka kulisikia hilo vizuri, vaa vipokea sauti vya masikioni, usikilize kwanza upande mmoja, kisha mwingine.

Kuna kitu cha pili ambacho huenda kinakuvutia bila wewe kukitambua. Wote wanne huimba. Sinclair, Deck na Pearce huitikia nyuma ya Stokes kwa sauti zilizopangwa kwa uangalifu wa watu waliosoma jazi, na katika nyimbo nyingi kiitikio kinabebwa na sauti hizo zaidi ya magitaa. Kwa mtu wa kwaya, hapo ndipo pa kujifunza, hata kama mtindo wenyewe si wako.

Asili ya namna hii ya kupiga inapatikana humohumo New Zealand. Mwaka 1981 ilianzishwa lebo ya Flying Nun katika mji wa Christchurch, na bendi za mji wa Dunedin kama The Clean na The Chills zikaonyesha kuwa wimbo wa magitaa uliorekodiwa kwa fedha kidogo unaweza kupendwa. Wimbo wa kwanza wa The Clean uligharimu dola 50 za nchi hiyo kuurekodi, nao ukaingia katika nyimbo ishirini bora za taifa. The Beths hawasikiki kama nakala ya bendi hizo, kwa kuwa wao ni nadhifu zaidi na kasi yao ni kubwa, lakini imani kwamba bendi ndogo ya pembeni mwa dunia inaweza kujirekodi yenyewe na isione haya, waliikuta nyumbani.

Swali: Mwenzangu ninayefanya naye kazi ananiambia albamu hii ni ya huzuni. Mimi nasikia muziki wa kuchangamka. Nani kati yetu anasikia vibaya? (Msomaji, Muscat)

Jibu: Hakuna anayesikia vibaya. Stokes ana tabia ya kuweka maneno mazito juu ya muziki mwepesi, na katika albamu hii ameifikisha mbali zaidi ya zilizotangulia. Baada ya albamu ya tatu aliugua ugonjwa wa Graves, ambao kinga ya mwili huishambulia tezi ya thairoidi iliyo shingoni, moyo ukaenda mbio na mwili ukachoka. Halafu akaanza kutumia dawa za kutibu msongo wa akili. Dawa zilimsaidia, ila ziliondoa pia makali ya hisia ambayo alikuwa akiyategemea katika utunzi. Akajaribu njia nyingine: alipata taipureta ya zamani ya Remington, akawa anaandika kurasa 10 kila asubuhi bila kuchagua la kuandika, na katika rundo hilo la karatasi ndimo zilimotoka nyimbo nyingi za albamu.

Wimbo wenye jina la albamu unaeleza kwamba alidhani anaendelea kupona, kumbe amerudi pale alipoanzia, na kwamba mstari aliouona umenyooka ulikuwa duara. Maneno hayo yanaimbwa kwa sauti ya watu wote wanne, kwa mwendo ambao ungeweza kuuchezea harusini. "No Joy" unasimulia hali ya mtu asiyefurahia tena yale aliyokuwa akiyafurahia, na bendi inaupiga kwa kasi na ukali, kana kwamba drams zinalazimisha furaha irudi. "Metal" unazungumzia mwili wenyewe, bakteria wake na chuma kilicho katika damu, kwa mshangao wa mtu aliyewahi kuogopa kuwa mwili huo utamwangusha.

Lakini ningemshauri mwenzako akae zaidi na "Mosquitoes". Tarehe 27 Januari 2023 mvua kubwa iliipiga Auckland. Uwanja wa ndege ulipokea zaidi ya milimita 240 katika siku moja, na watu wanne walifariki. Kijito cha Oakley, kinachoitwa Te Auaunga kwa Kimaori, ambapo Stokes alikuwa na mazoea ya kutembea, kilifurika na kuharibiwa vibaya. Wimbo hauhubiri chochote juu ya tabianchi. Unamfuata mtu anayerudi mahali alipopazoea na kukuta pamekuwa pengine, na muziki unaanza kwa gitaa la sauti ya chini kabla bendi haijaingia kidogokidogo. Kwa yeyote aliyewahi kuona bonde la Msimbazi jijini Dar es Salaam baada ya masika, hakuna haja ya kufafanuliwa.

Upande ambao haukunishawishi sana ni pale bendi inapopunguza mwendo nyimbo mbili tatu zikifuatana, kwa sababu nguvu yao iko katika mgongano wa kasi na maneno. Katika lawama hiyo siuhesabu wimbo "Mother, Pray for Me", uliotungwa kwa ajili ya mama yake Mkatoliki. Huo ni wa gitaa la vidole na sauti iliyo karibu na maikrofoni, nao ungeharibika kama drams zingeingia.

Swali: Bendi ya namna hii inaishije? Sisi huku tuna vijana wanne wenye magitaa, hawana lebo wala mfadhili. (Msomaji, Mombasa)

Jibu: Inaishi kwa safari. Nchi yao ina watu wapatao milioni tano tu, kwa hiyo tangu mwanzo walilazimika kwenda Marekani, Ulaya na Australia, wakiuza fulana na santuri mlangoni. Mtandao wa Bandcamp, unaotumiwa sana na bendi hizi, hukata asilimia 15 katika mauzo ya muziki wa kidijitali na asilimia 10 katika bidhaa za kushikika, ambayo ni nafuu kubwa ukilinganisha na senti za majukwaa ya kusikiliza bure. Isitoshe, serikali ya New Zealand ina wakala wa umma, NZ On Air, unaotoa ruzuku ya kurekodi nyimbo. Vijana wenu hawana wakala huo, na sitaki kuwadanganya kwamba bidii peke yake huziba pengo la ruzuku. Wanachoweza kuiga bila kusubiri mtu ni mmoja wao kujifunza ufundi wa kurekodi kwa dhati, ili gharama ya studio isiwe ndiyo inayoamua lini wana wimbo mpya.

Swali: Nianze na albamu ipi? (Msomaji, Nairobi)

Jibu: Anza na Expert in a Dying Field, kisha hii mpya. Ukipenda kuwasikia jukwaani, ipo albamu iliyorekodiwa katika ukumbi wa Auckland Town Hall mwaka 2020, wakati ambapo New Zealand ilikuwa miongoni mwa nchi chache zilizoweza kujaza ukumbi wakati wa korona. Na ukishawapenda kabisa, mpiga besi Sinclair ana shajara ya mtandaoni ambamo hueleza vifungua kinywa anavyokula safarini, mji kwa mji, kwa umakini uleule wa kupiga besi.