Kabla Hujamnunua Kobe wa Maji, Nunua Filta

"Kaka, mtoto anataka kobe wa maji, nianzie wapi?" Waswahili wenzangu hapa Houston huniuliza hivyo kila mara, na jibu langu huwakera: anzia kwenye filta, yaani mashine ya kuchuja maji ya tangi. Kobe aje mwisho.

Ninayemzungumzia ni yule mwenye mchirizi mwekundu nyuma ya jicho, Trachemys scripta elegans kwa jina la kitaalamu. Kwao ni huku huku, bonde la Mississippi hadi Texas. Kwa mchuuzi utamkuta ana ukubwa wa sarafu, ndani ya kibakuli chenye mnazi wa plastiki. Kibakuli hicho kisikudanganye. Jike hufika sentimita 25 na zaidi, dume hupungua kidogo, na akitunzwa vizuri anaweza kuishi miaka 30. Mtoto uliyemnunulia ataoa, kobe bado yuko sebuleni kwako.

Wafugaji wa hapa hukadiria galoni 10 za maji (galoni ya Marekani ni karibu lita 3.8) kwa kila inchi ya gamba. Kobe wa inchi 7 basi anataka galoni 70, na maji hayo peke yake yana uzito wa kilo zaidi ya 260. Wanaokaa ghorofani wapige hesabu hiyo mapema. Tangi la kioo la ukubwa huo ni ghali. Mimi nashauri hodhi la plastiki la kunyweshea mifugo, linalouzwa kwenye maduka ya vifaa vya shamba. Sebuleni halipendezi, mke wangu alishalisema hilo, lakini kobe halalamiki.

Sasa filta. Kobe huyu hawezi kumeza chakula akiwa nje ya maji, kwa hiyo hulia majini na kujisaidia humo humo, tena kwa wingi kuliko samaki wengi wa mapambo. Chukua filta iliyotengenezewa tangi kubwa mara mbili ya lako. Kazi yake kubwa haionekani: ndani ya sponji huota bakteria wanaogeuza amonia, sumu itokayo kwenye uchafu wake, kuwa nitriti, kisha nitrati isiyo kali sana, ambayo utaipunguza kwa kubadilisha robo ya maji kila wiki. Ndiyo maana sponji haioshwi bombani. Miji mingi ya Marekani hutia kwenye maji kloramini, dawa ya kuua vijidudu ambayo itawaua na bakteria hao, na kloramini haiondoki kwa kuyaacha ndooni usiku mmoja. Maji mapya yatie dawa ya kuiondoa. Sponji ikamulie kwenye ndoo ya maji yaliyotoka tangini. Litatoka tope zito la kahawia lenye harufu ya udongo, na hapo ujue mambo ni mazuri. Ikinuka yai viza, filta ilisimama na bakteria wakakosa hewa.

Umeme ukikatika siku nzima, kama ilivyotokea Texas Februari 2021, fungua filta, utoe sponji na kuiweka ndani ya tangi lenyewe. Kobe usimlishe: maji yakipoa, chakula hakisagiki tumboni.

Juu ya maji panahitajika jukwaa kavu lenye taa mbili, ya joto na ya UVB, mionzi isiyoonekana kama ile ya jua. Jua la dirishani halitoshi, kioo huzuia mionzi hiyo. Akiridhika atanyoosha miguu ya nyuma, vidole ametanua, shingo nje kabisa, macho kayafumba. Wanangu mara ya kwanza walidhani amekufa. Balbu ya UVB huisha nguvu huku bado inang'aa, kwa hiyo ibadilishe kila baada ya miezi 6 hadi 12.

Chakula si kazi. Vidonge vya kobe, majani ya sukuma wiki, samaki mara moja moja. Uduvi mkavu ni kitafunwa tu. Akianza kuogelea kaegemea upande mmoja huku akitoa mapovu puani, mpeleke haraka kwa daktari anayejua reptilia.

Kwenye nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka 5 ningesema msubiri. Kobe hubeba salmonela, bakteria wa kuharisha, hata akiwa mzima, na watoto hutia kila kitu mdomoni. Kwa sababu hiyo Marekani ilipiga marufuku tangu 1975 kuuza kobe wa chini ya inchi 4 kama wanyama wa kufugwa nyumbani. Wale wa ukubwa wa sarafu huuzwa kinyume cha sheria. Nanyi mlioko nyumbani Afrika Mashariki, kobe wa mtoni ni wanyamapori, hafugwi bila kibali. Kasa wa baharini ndiyo usimguse kabisa.

Kama bado unamtaka, ulizia kwanza kwenye vituo vya kuwahifadhi wanyama waliotelekezwa. Kobe wakubwa waliowachosha wenyewe hawakosekani huko, na pengine utapewa pamoja na tangi lake na filta.