Maswali ya Wasomaji: Duka la Mtandaoni Lijengwe kwa Zana Zipi?

SWALI: Mhariri, habari za kazi. Mimi na wenzangu wawili tunafungasha asali na nta, bidhaa 14 kwa jumla, na tunataka kuwauzia wateja wa Dar es Salaam na Mwanza kwa mtandao. Kijana mmoja anataka atujengee duka kuanzia sifuri kwa zana za programu za React na Node.js, na hifadhidata ya MongoDB. Mwingine anasema tulipie Shopify, huduma ya duka la kukodi mtandaoni, tupumzike. Wa tatu anataja WooCommerce. Kati yetu hakuna fundi wa programu. Tumsikilize nani?
*Mfungasha asali, Isevya, Tabora*

JIBU: Msikilizeni huyo wa tatu, lakini sababu ianzie kwenye pesa. Mteja wenu atalipa kwa M-Pesa, Mixx by Yas, Airtel Money au HaloPesa, na hilo peke yake linapunguza machaguo. Shopify ni nyepesi kuendesha, maana seva (kompyuta inayobeba duka) na usalama wake si mzigo wenu. Ila ada yake ya mwezi ni ya dola, na huduma yake yenyewe ya malipo haipo Tanzania. Mtapitia kampuni nyingine ya malipo, na hapo Shopify hukata tozo yake kwenye kila mauzo, juu ya makato ya kampuni hiyo. Faida ya chupa ya asali haibebi makato mawili.

React na Node.js ni zana nzuri, kijana hakukosea kuzipenda. Kazi iko kwenye visivyoonekana: kikapu, hesabu ya stoki, risiti, ujumbe wa oda, ukurasa wa kubadilishia bei. Vyote viandikwe upya, na siku akihama mji hakuna wa kuvishika. MongoDB hatuishauri hapa. Oda, malipo na stoki ni taarifa zinazotegemeana. Hifadhidata ya majedwali kama MySQL au PostgreSQL, ikiwekewa masharti yake, hukataa kupokea malipo yasiyo na oda.

WooCommerce ni plagini (programu ya nyongeza) ya bure ya WordPress, mfumo wa kujengea tovuti. Inatumia lugha ya PHP na hifadhidata ya MySQL, na mafundi wake hawaadimiki. Kabla ya kulipia hostingi (nafasi ya duka kwenye seva), tafuteni kampuni ya malipo na muulize mambo matatu: je, plagini yao ya WooCommerce inasasishwa? Wana mazingira ya majaribio? Fedha zinafika benki baada ya siku ngapi? Domeni (anwani ya duka mtandaoni) ya .co.tz isajiliwe kwa jina lenu, si la fundi. Tunasisitiza hili kwa sababu mkikosana naye, jina la duka huondoka naye.

Kwenye mipangilio, chagueni shilingi ya Tanzania na desimali ziwe 0. Muda wa kushikilia stoki ya oda isiyolipwa huja ukiwa dakika 60. Pandisheni hadi 180, kwani mteja asiye na salio lazima kwanza afike kwa wakala. Uzito nao mwangalie sana: lita moja ya asali ina kilo 1.4 hivi, kwa hiyo dumu la lita 20 linakaribia kilo 28. Mkiandika lita kama kilo, nauli ya kilo 8 za kila dumu itatoka mfukoni mwenu.

Jambo la mwisho: kazi za ratiba za WordPress, zile zinazojiendesha kwa wakati uliopangwa, huamka pale tu mtu anapofungua ukurasa. Duka changa lenye wageni wachache litachelewa kufuta oda zilizokufa. Mwambieni fundi azime utaratibu huo kwa kuweka DISABLE_WP_CRON kwenye faili la wp-config.php, kisha seva yenyewe iite wp-cron.php, faili linaloendesha kazi hizo, kila dakika 5.

SWALI: Duka langu la dagaa na mawese limejengwa kwa Laravel, mfumo wa kuandikia programu za tovuti kwa PHP. Mara nyingine malipo mamoja yanaandikwa mara mbili. Mara nyingine mteja amekatwa pesa, oda inasema hajalipa. Kasoro iko wapi?
*Msomaji, Ujiji, Kigoma*

JIBU: Mteja akishaweka namba ya siri, kampuni ya malipo hutuma taarifa kwenye anwani uliyowapa. Seva yako isipojibu 200 (yaani “imepokelewa”) upesi, huenda wakaituma tena. Msimbo unaoandika malipo kila taarifa inapoingia utaandika mara mbili. Dawa ni kuifanya namba ya muamala iwe ya kipekee kwenye jedwali la malipo, ili hifadhidata yenyewe iikatae ya pili. Hifadhi taarifa, jibu 200, halafu SMS na risiti ziende kwenye foleni ya Laravel, zishughulikiwe baadaye.

Kuhusu oda isiyojua kuwa imelipwa, kwanza tazama kumbukumbu za seva. Ukiona namba 419, njia ya kupokelea malipo imewekwa kwenye faili la routes/web.php, na kinga ya CSRF (dhidi ya maombi ya kughushi) inaifukuza taarifa kwa kukosa tokeni, alama ya siri inayotolewa na duka lenyewe. Ihamishie routes/api.php au uitoe kwenye kinga hiyo. Ukishaitoa, mlango uko wazi kwa yeyote, hivyo hakiki saini ya kidijitali ya kampuni, kiasi na namba ya oda kabla ya kuandika “imelipwa”. Usitegemee ukurasa wa “asante”, kwa sababu mteja anaweza kufunga simu kabla haujafunguka. Weka pia kazi ya kila dakika 10 inayoiuliza kampuni hali ya kila oda inayosubiri. Mtandao ukikatika taarifa ikiwa njiani, kazi hiyo ndiyo itakayoiokoa oda.

SWALI: Mteja wangu alifungua duka akakuta kikapu cha mtu mwingine. Nimevamiwa?
*Msomaji, Tabora Mjini*

JIBU: Yaelekea hapana. Plagini ya kuharakisha kurasa imehifadhi ukurasa wa kikapu na kumpa kila anayekuja. Ondoa kikapu, malipo na akaunti kwenye orodha ya kurasa zinazohifadhiwa, kisha futa zilizokwisha hifadhiwa. Fanya leo, maana ukurasa wa akaunti unabeba anwani na namba za simu za wateja wako.