Kabla hujaweka hayo matone ya bangi chini ya ulimi

Mimi kazi yangu ni kaunta ya dawa, na siku hizi haipiti muda mrefu bila mtu kuchomoa kichupa mfukoni akaniuliza kwa sauti ya chini, hii vipi, naweza kutumia? Mara ni mafuta ya CBD, ile kemikali ya kwenye bangi isiyolewesha, mara pipi za jeli zenye bangi, mara katriji ya vepu, yaani ya sigara ya kielektroniki. Na mimi swali langu ni lile lile, nani amepima kilichomo humu ndani? Maana lebo anaichapisha muuzaji mwenyewe, anaandika anachotaka.

Na sisemi tu kwa hofu. Mwaka 2017 watafiti Marekani walinunua bidhaa 84 za CBD mtandaoni wakazipeleka maabara, majibu yakatoka kwenye jarida la kitabibu la JAMA: ni 26 tu ndizo zilikuwa na kiwango kinachokaribia kilichoandikwa, na 18 zilikutwa na THC, yaani ile inayolewesha. Sasa mtu anameza akijua ni kitu cha kumsaidia alale, kesho anaitwa kupima mkojo kazini, anafeli, kazi imeenda. Kile kipimo hakijui kama ulivuta msokoto au ulidondosha matone, kinatafuta mabaki ya THC basi. Wanariadha nao wawe makini, CBD ilitolewa tangu 2018 kwenye orodha ya marufuku ya WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa zilizokatazwa michezoni, lakini THC bado ni marufuku wakati wa mashindano.

Kuna mama mmoja sitamsahau, anatumia warfarini ya kuzuia damu isigande, mwanae akamletea mafuta ya CBD kwa ajili ya magoti. Alikuja kwangu kutaka dawa ya fizi, kila akipiga mswaki damu inatoka, halafu nikaona mikono ina alama za bluu bluu na anasema hajajigonga popote. Nikamuuliza mama, kuna kitu kipya umeanza kutumia? Akasema hakuna, ni yale mafuta ya mimea tu. Nikamrudisha kwa daktari siku hiyo hiyo, damu kupimwa ikakutwa nyepesi kupita kiasi. CBD inazuia vimeng'enya vya ini vinavyovunja warfarini, kwa hiyo dawa inarundikana mwilini hata kama dozi hujaiongeza. Dawa za kifafa kama klobazamu pia zinaguswa. Hata Epidiolex, dawa halisi ya CBD iliyoidhinishwa Marekani 2018 kwa kifafa kikali, mgonjwa anapimwa ini kwanza kabla ya kuanza, sasa we wa kichupa kisichojulikana kimetoka wapi unaanzaje kienyeji?

Vepu ndo naziogopa zaidi. 2019 kule Marekani watu walianza kujaa hospitali mapafu yameharibika, hadi Februari 2020 walioandikishwa walipita 2,800 na 68 kati yao walikufa, na wengi walikuwa wamevuta katriji za THC za mtaani zilizochanganywa na aina ya vitamini E kuzifanya nzito. Hiyo vitamini ukiimeza au ukijipaka haina neno, kwenye mapafu ni habari nyingine kabisa.

Kama umeshaamua kutumia, basi angalau fanya hivi. Skani ile alama ya QR kwenye pakiti, fungua cheti cha maabara, halafu geuza chupa uangalie namba ya bechi chini, zifanane. Juzi nimefanya hivyo na kijana mmoja, cheti kizuri kina mihuri, bechi ni nyingine kabisa, na walichopima ni kiasi cha CBD peke yake, dawa za wadudu hawakupima, madini ya risasi hawakupima, mabaki ya kemikali za kukamulia hawakupima. Delta-8, aina nyingine ya THC, ndo usiseme, nyingi inatengenezwa kwa kupika CBD na asidi, kinachobaki humo bila kupimwa nani anajua.

Na ukisafiri usibebe, tafadhali. Marekani sheria ya 2018 iliruhusu bangi isiyozidi asilimia 0.3 ya THC, lakini Hong Kong tangu tarehe 1 Februari 2023 CBD yenyewe ni dawa ya kulevya, ukikutwa nayo kifungo ni hadi miaka 7. Risiti haikusaidii pale, hata kama ulikonunua inauzwa wazi kabisa.

Wenye watoto, zile jeli zinafanana na pipi kabisa, fungia kwa kufuli. Mtoto akimeza anaweza kulala usingizi mzito hadi ukimwamsha haamki, pumzi zikawa za shida, usikae nyumbani kusubiri imwishe. Mkimbize hospitali na pakiti yake mkononi, umwambie daktari ukweli mapema hata kama unaona aibu au unaogopa polisi, maana usiposema watamchoma sindano ya uti wa mgongo wakitafuta homa ya ubongo ambayo hana.