Kijana mwenye nira shingoni: ni harusi au ni mtumwa?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni mtu wa Tanga, naishi Florence, kazi yangu ni kutunza wazee majumbani. Mwezi uliopita nilikwenda kwenye soko la vitu vya kale la Arezzo nikanunua picha nyeusi na nyeupe, ya kuchapwa, ndani ya fremu. Muuzaji aliapa kuwa ni ya harusi ya ukoo wa Medici, wale waliotawala Florence zamani. Lakini kila nikiitazama naingiwa na wasiwasi. Katikati kasimama kijana aliyevaa vizuri, ila ana nira shingoni, miguu imebanwa kwenye mkatale, anakanyaga nyoka, na mkononi kashika tunda. Juu yake kuna kitoto chenye mabawa kilichobeba ngao mbili. Chini kuna mstari wa Kilatini, na baadhi ya herufi zake ni kubwa, zimetawanywa hovyo. Hii ni harusi kweli, au ni mtumwa? Ni ya kale au ni kopi? Na madoa ya kahawia nitayatoaje? Nimekutumia picha nne.

JIBU: Marahaba, binti yangu. Ni harusi. Sikulaumu kwa kuwaza utumwa, maana mtu wa pwani akiona mkatale hawezi kufikiria ngoma na pilau. Lakini kumbuka lugha yako mwenyewe: kwetu watu wakioana si husemwa wamefunga pingu za maisha?

Huyo kijana ndiye Ndoa yenyewe, aliyevishwa umbo la mtu. Mwitaliano Cesare Ripa alitoa kitabu kiitwacho Iconologia mjini Roma mwaka 1593, na toleo la 1603 likatiwa michoro. Wachoraji walikitumia kama kamusi: ukitaka kuchora Haki, Wivu au Amani, unafungua unaambiwa avae nini na ashike nini. Kwenye Ndoa anaagiza kijana wa mavazi ya fahari, nira shingoni, mkatale miguuni, pete kidoleni, tunda katika mkono huohuo, na nyoka chini ya nyayo. Chukua kioo cha kukuza utazame mkono wenye tunda. Kwenye picha yako ya pili pete inaonekana, japo ni ndogo kama punje ya mtama. Tunda ni mela cotogna, lile la manjano linalofanana na peasi, unaliona sokoni kwenu majira ya vuli. Plutarch, mwandishi Mgiriki wa kale, ameandika kwamba Solon, mtunga sheria wa Athens, aliagiza bibi harusi alile kabla ya kuingia chumbani na mumewe. Nyoka naye ana kisa chake: watu wa kale waliamini kwamba nyoka huyo jike humuua dume lake wakati wa kujamiiana, basi Ndoa humkanyaga, kuonyesha kwamba wazo la kumdhuru mwenzio ni la kutiwa chini ya kisigino.

Sasa, picha hii ni ya harusi ya nani? Picha za namna hii mimi huzisoma kama kanga. Zina pindo, zina mji, zina jina. Maua, njiwa, vitoto vya mabawa, kijana mwenye nira, vyote hivyo ni pindo na mji, na mchongaji, yaani fundi aliyechora picha kwenye bamba la shaba la kuchapia, aliweza kuvitumia kwa harusi yoyote. Jina ndilo linalosema imekatwa kwa ajili ya nani. Wanunuzi wengi hukodolea mji macho, na wauzaji wanalijua hilo vizuri sana.

Kwenye picha yako, jina ni ule mstari wa Kilatini na zile ngao mbili. Herufi zako hazikutawanywa hovyo. Katika picha ya tatu nimeokota M moja, D moja, C mbili, L moja, X moja, V moja na I tatu. Zihesabu kama namba za Kirumi, bila kujali zimekaa wapi: 1000, 500, 200, 50, 10, 5 na 3. Jumla ni 1768. Ulikuwa mchezo wa wasomi kuficha mwaka ndani ya sentensi. Wajerumani na Waholanzi waliupenda kupita kiasi, na Habsburg-Lorraine, ukoo wa kifalme wa Austria wanaosema Kijerumani, ndio uliokuwa ukitawala Toscana, jimbo la Florence, wakati huo.

Mwaka huo unamwumbua muuzaji wako. Gian Gastone, mtawala wa mwisho wa Medici, alifariki 1737 bila kuacha mtoto, na dada yake Anna Maria Luisa akafuata 1743. Mwaka 1768 tawi lile lililotawala halikuwa na mtu wa kuoa wala kuolewa.

Ngao nazo zinamkataa. Mchongaji wa shaba hana rangi, ana mistari tu, lakini mistari hiyo husomeka. Mjesuiti Silvester Petra Sancta alichapisha utaratibu wake Roma mwaka 1638, nao ndio ulioshika: mistari ya kulala ni buluu, ya kusimama ni nyekundu, nukta ni dhahabu, patupu ni fedha. Ikishuka mshazari kutoka juu kushoto kwako ni kijani, na ya kulala ikipishana na ya kusimama ni nyeusi. Ngao ya Medici ingekuwa na uwanja wa nukta na mipira sita: mitano ya mistari ya kusimama, na mmoja juu wa mistari ya kulala, wenye maua ya yungiyungi. Ya kwako ya kushoto ni mnara mtupu juu ya mistari ya kulala, yaani mnara wa fedha kwenye buluu. Ya kulia ni nukta, na mkanda wa mshazari wenye mistari ya kusimama: mkanda mwekundu kwenye dhahabu. Kwa desturi, kushoto kwako ni kwa bwana harusi na kulia ni kwa bibi harusi.

Archivio di Stato ya hapo hapo Florence ina mkusanyo wa nembo za koo za Toscana unaoitwa Ceramelli Papiani, na unaweza kuupekua mtandaoni. Usitafute mnara peke yake, minara ni mingi kama minazi. Tafuta jozi: ukoo wa mnara uliooa kwenye ukoo wa mkanda mwekundu mwaka huo au karibu yake. Usipoupata, huenda maharusi hawakuwa watu wa Toscana, kwani wauzaji wa Arezzo huleta bidhaa kutoka kila kona.

Kuna jambo lililonirudisha kwenye picha ya nne mara tatu. Kuzunguka ngao zote mbili pana wingu la kijivu, na nyuma ya mnara kuna vijistari hafifu visivyouhusu mnara. Hapo bamba la shaba lilikwanguliwa, likasuguliwa, likachongwa upya. Naona nembo za watu wengine zilikuwapo kabla. Shaba ilikuwa ghali, na mji mmoja uliweza kupewa jina jipya. Kwa hiyo 1768 ni mwaka wa harusi hii, lakini kijana na nira yake huenda walikwisha kusimamia harusi nyingine mapema. Wapo watakaokwambia hilo linashusha bei. Mimi ningeinunua kwa sababu hiyohiyo.

Hata hivyo, kopi iliyotengenezwa kwa njia ya foto hunakili hata mikwaruzo, hivyo itoe kwenye fremu. Bamba la shaba likibanwa mtamboni pamoja na karatasi yenye unyevu huacha bonde la mstatili kuzunguka picha. Bonde pekee halitoshi, maana katika karne ya 19 mafundi kama Amand-Durand wa Paris walitengeneza kwa foto mabamba yanayoacha alama ileile. Ishike karatasi dirishani. Unatakiwa uone mistari myembamba iliyosongamana, na mingine inayoikata, takriban sentimita mbili na nusu baina ya mmoja na mwingine. Hizo ni nyuzi za chekeche alilochotea fundi rojo la karatasi. Karatasi isiyo na mistari hiyo ilikuwapo, mchapaji Baskerville wa Birmingham, Uingereza, aliitumia kwenye kitabu mwaka 1757, lakini kuikuta chini ya picha ya Italia ya 1768 kungenitia shaka kubwa. Mwisho, lenzi ya mara 10, taa ikiwa pembeni: mstari wa kuchongwa kwa mkono huanza mwembamba, hunenepa, kisha huishia kwenye ncha, na wino husimama juu ya karatasi kama uzi wa mshono. Ukiona picha nzima, si uwanja wa dhahabu wa ngao tu, imejaa nukta zilizojipanga sawasawa kama wavu, hiyo ni chapa ya mashine, ya mwisho wa karne ya 19 au baadaye.

Madoa usiyaguse. Usitie jiki, wala limau, wala usisugue kwa mkate kama wanavyoshauriana watu. Yamekaa miaka mingi na yatasubiri. Linaloila karatasi yako sasa hivi ni lile kadibodi la kahawia la nyuma. Badilisha uweke kadi ya pamba isiyo na asidi. Ikiwa picha imegandishwa kwa gundi, iache kama ilivyo na umpelekee fundi wa kutengeneza karatasi za kale zilizoharibika.

Nilipokuwa najifunza kazi niliwahi kuosha picha ya harusi ya karne ya 18 nikijiona hodari. Nyuma, pembeni kabisa, mtu alikuwa ameandika majina ya maharusi kwa wino wa kalamu. Niliyaona yakielea kwenye trei, buluu hafifu, ndipo nikajua kwamba yalikuwapo. Kwa hiyo ukishaitoa kwenye fremu, kabla ya kufanya lolote jingine igeuze, piga picha upande wa nyuma wote hadi kwenye kona, kisha unitumie.