Ufadhili wa masomo Ulaya: usiulize kiasi tu, uliza pesa inaingia lini

Watu wakijua kwamba nilisoma Ulaya kwa ufadhili, swali lao la kwanza huwa: wanatoa euro ngapi kwa mwezi? Mimi huwarudishia swali jingine: inaingia lini? Nimewaona wenzangu wenye skolashipu nono wakikopa nauli na kodi ya chumba. Nimewaona pia wenye posho ndogo wakimaliza mwaka bila presha, kwa sababu walijua mapema pesa yao inatoka mwezi gani, inakatwa nini, na masharti yake ni yapi kabla ya awamu inayofuata.

Tuanze na Erasmus Mundus, maana ndiyo inayotajwa na kila mtu. Ni mpango wa Umoja wa Ulaya wa shahada za uzamili zinazoendeshwa na vyuo kadhaa kwa pamoja, na mwanafunzi husoma katika nchi mbili au zaidi. Posho ni euro 1,400 kwa mwezi, hadi miezi 24, na ada hulipi. Ukisikia hivyo unaona mambo yamekwisha. Lakini ndani ya hizo 1,400 mna nauli ya ndege, visa, gharama za kuhama kutoka nchi ya kwanza kwenda ya pili, na kodi ya chumba kote huko. Zamani nauli ilikuwa na fungu lake. Katika utaratibu ulioanza 2021 vyote vimewekwa kapu moja. Halafu, kwa kawaida malipo ya kwanza hutoka mwanafunzi akishafika, akajisajili na kufungua akaunti ya benki. Kwa hiyo tiketi na visa vinatoka mfukoni mwako kwanza, na amana ya chumba pia. Hiyo amana ndiyo inayouma kuliko vyote, kwa sababu mwenye nyumba anaweza kutaka kodi ya miezi miwili au mitatu kabla hajakukabidhi funguo. Barua ya kukubaliwa ikifika, siku hiyo hiyo mwandikie mratibu wa kozi umuulize malipo ya kwanza yanatoka wiki gani, na kama kuna uwezekano wa kupata sehemu yake mapema. Swali hilo halimuudhi mtu. Anaulizwa kila mwaka.

Maombi yenyewe ya Erasmus Mundus hupelekwa moja kwa moja kwa kila kozi, si kwenye ofisi za Umoja wa Ulaya kule Brussels, na kozi nyingi hufungua dirisha kati ya Oktoba na Januari kwa masomo yanayoanza vuli inayofuata.

Ufaransa kuna Eiffel, ufadhili wa serikali yao, na hapa wengi hukwama kwa jambo dogo: mwanafunzi haombi mwenyewe. Chuo ndicho kinachompendekeza kwa Campus France, shirika la Ufaransa linalosimamia ufadhili huo. Tarehe ya mwisho ya Campus France huwa Januari, lakini chuo kina tarehe yake ya ndani, ambayo hutangulia. Ukisubiri Januari umeshachelewa. Posho ya uzamili ni karibu euro 1,200 kwa mwezi, ada haimo, na kuna kikomo cha umri cha miaka 25 kwa uzamili. Ukishapita umri huo, usipoteze jioni zako huko.

Hungaria wana Stipendium Hungaricum, iliyoanza 2013. Ada hulipi, bima ya afya ipo, na unapewa nafasi ya bweni au forinti 40,000 za kuchangia kodi. Posho ya shahada ya kwanza na uzamili ni forinti 43,700 kwa mwezi, ambazo ni kama euro 110 hivi. Soma tarakimu hiyo mara mbili. Ukipangiwa Szeged, Pécs au Debrecen na ukapata bweni, unaweza kujibana. Ukiwa Budapest na chumba cha kupanga, bila mtu wa kukuongezea, mimi nisingethubutu. Hata hivyo ni ufadhili mzuri kwa mtu mwenye akiba au ndugu wa kumshika mkono, na ni miongoni mwa michache inayowachukua hata wa shahada ya kwanza, ambao kwingine hufungiwa milango.

Kwa Ujerumani kuna hesabu inayofundisha. DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wanafunzi na wanataaluma, humpa mwanafunzi wa uzamili euro 992 kwa mwezi, pamoja na bima na mchango wa nauli. Kwa asiye na ufadhili, ubalozi humtaka aweke euro 11,904 katika akaunti iliyofungwa, yaani ambayo hutoa kiasi maalumu tu kila mwezi, ndipo apewe visa. Gawanya kwa 12 unapata 992 ile ile. Yaani serikali yenyewe inakuonyesha mwanafunzi anahitaji kiasi gani ili aishi pale, na huo ni ukomo wa chini, si wa starehe. Ukiwa na barua ya DAAD, akaunti iliyofungwa huihitaji tena. Ila barua hiyo isome vizuri kabla ya kwenda ubalozini: iwe na jina kama lilivyo kwenye pasipoti, kiasi kwa mwezi, tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Barua inayosema tu kwamba umepata ufadhili, bila tarakimu, itarudishwa.

Kozi za DAAD zinazohusu maendeleo, zinazojulikana kama EPOS, zinataka uzoefu wa kazi wa miaka miwili baada ya shahada, na shahada yenyewe isiwe imepita miaka sita. Wanataka CV ya muundo wa Europass, ule wa pamoja wa Umoja wa Ulaya, na kila kitu kitiwe sahihi kwa mkono. Nimesoma CV nyingi za watu walioniomba ushauri, na kosa la sahihi na tarehe linaongoza kuliko kosa la Kiingereza. Kuhusu barua ya kueleza nia, nina neno moja tu: acha kusifia nchi. Anayeisoma anajua Ujerumani ina viwanda. Anachotaka kujua ni tatizo gani ulilokutana nalo kazini, somo lipi katika mtaala wao linaligusa, na utarudi kufanya nini.

Kuna na hawa madalali wa mitandaoni wanaouza nafasi. DAAD haitozi ada ya maombi, wala Stipendium Hungaricum. Uswidi, kweli, kuna ada ya kuomba vyuo, krona 900, lakini inalipwa kwenye mfumo rasmi wa udahili wa nchi nzima, si kwa namba ya simu ya mtu.

Sasa Italia, ambako mimi nilisoma, na ambako naona watu hawakuangalii vya kutosha. Wengi huuliza kuhusu skolashipu za serikali zenye nafasi chache, na hawajui kuhusu ruzuku za mikoa. Hizi zinaitwa DSU, haki ya kusoma, na kila mkoa una taasisi yake: EDISU kule Piemonte, ER.GO kwa Bologna na jirani zake, LazioDISCO kwa Roma. Hazimtafuti mwanafunzi bora. Zinamtafuta ambaye familia yake haina uwezo, na wa kutoka nje ya Umoja wa Ulaya anaomba kama Mwitalia. Kwa anayeishi mbali na kwao, ruzuku kamili ni kama euro 7,000 kwa mwaka, ingawa ukipewa bweni thamani ya kitanda inakatwa humo. Ada ya chuo unasamehewa.

Uwezo wa familia unapimwa kwa hesabu iitwayo ISEE, na kikomo cha juu huwa karibu euro 28,000. Sisi wa nje tunafanyiwa hesabu maalumu kwenye ofisi za ushauri wa kodi, CAF. Karatasi zinazotakiwa ni za aina yake: nani na nani wanaishi katika kaya, kila mmoja aliingiza kiasi gani miaka miwili nyuma, salio la benki la mwisho wa mwaka huo, na nyumba ya familia ina mita za mraba ngapi. Ndiyo, mita za mraba. Nyumba iliyo nje ya Italia huhesabiwa euro 500 kwa kila mita ya mraba, hata kama ni ya udongo, kwa hiyo karatasi isiyotaja ukubwa haina maana kwao. Vyote vitolewe na mamlaka husika, vitafsiriwe Kiitaliano na kuthibitishwa na ubalozi wa Italia. Tarehe za mwisho huangukia kati ya Julai na Septemba, wakati wengi bado wanahangaikia visa. Anza kukusanya karatasi mwezi wa nne. Aliye na mzazi mkulima au mfanyabiashara asiye na hati za mshahara aanze mapema zaidi, maana yeye ndiye atakayezungushwa.

Na hapa ndipo swali langu la lini linapokuwa zito. Masomo huanza Septemba, awamu ya kwanza ya ruzuku huja kuelekea Desemba. Miezi hiyo mitatu ni yako. Ndani yake kuna kodi, amana, na kibali cha ukaazi, ambacho unatakiwa kukiomba ndani ya siku 8 za kazi tangu kuingia nchini, pamoja na stempu ya euro 16. Kibali cha mwanafunzi kinaruhusu kazi ya saa 20 kwa wiki, ila usiitegemee kwa miezi ya mwanzo kama Kiitaliano hukijui. Pia kuna watu wanaotimiza vigezo vyote lakini fungu la mkoa likaisha kabla ya zamu yao. Hao husamehewa ada tu na kusubiri. Orodha ikitoka, angalia uko kundi lipi kabla hujasaini mkataba wa chumba.

Awamu ya pili ina sharti. Mwaka wa kwanza unatakiwa uwe na krediti 20, yaani vipimo vya uzito wa masomo uliyofaulu, ifikapo tarehe 10 Agosti. Ukikosa, malipo yanasitishwa, na usipozifikisha hata kufikia Novemba 30, ruzuku inafutwa na unadaiwa urudishe ulichopokea. Krediti 20 zinaonekana chache hadi ugundue kwamba somo moja linaweza kuwa na 6 tu, na kwamba mitihani mingi ni ya kuzungumza mbele ya profesa. Vipindi vya mitihani ni Januari hadi Februari, Juni hadi Julai, na Septemba. Fanya angalau mitihani miwili kwenye kipindi cha baridi, hata kama hujisikii tayari, kwa sababu ukifeli unarudia Juni na hakuna anayekuwekea kinyongo. Mtihani wa Septemba, hata ukipata 30 kwa 30, kwa awamu hiyo hauhesabiki.