Bustani ya Nyumbani: Udongo wa Msimu Uliopita, Utupwe au Utumike Tena?

SWALI: Shikamoo mshauri. Ninaishi Tabata, Dar es Salaam, katika nyumba ya ghorofa, na kwa miaka miwili nimekuwa nikipanda mchicha na sukuma wiki katika ndoo kumi na mbili za lita 20 zilizopangwa kwenye roshani. Mavuno ya mwanzo yalinifurahisha sana. Sasa majani yamekuwa madogo, yanageuka manjano kuanzia yale ya chini, na ninapomwagilia, maji yanapita pembeni mwa ndoo na kutokea matunduni kabla udongo haujalowa. Jirani ameniambia nimwage udongo wote na kununua mwingine, lakini viroba vya udongo mweusi vina gharama, na kuvipandisha ngazi ni kazi nyingine. Je, hakuna njia?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Njia ipo, na ninakuomba usiumwage udongo huo, kwa sababu dalili zote ulizozitaja ni za udongo uliochoka, wala si za udongo ulioharibika.

Sehemu kubwa ya udongo wako ni mchanga na mfinyanzi, na hivyo haviishi. Kinachoisha ni mboji, yaani mabaki ya mimea na wanyama yanayoliwa na vijidudu vya udongoni hadi yakamalizika, na katika joto la Dar es Salaam kazi hiyo huenda kwa kasi kuliko nyanda za baridi. Pima kwa vidole uone udongo umeshuka kiasi gani kutoka ukingoni tangu siku ulipoijaza ndoo. Sehemu kubwa ya pengo hilo ni mboji iliyoliwa, na iliyobaki ni udongo ulioshindiliwa na maji ya kila siku. Mboji inapopungua, chembe za udongo hushikamana, hewa hukosa nafasi, na udongo ukikauka hujikunja na kuachana na ukuta wa ndoo. Maji unayoyaona yakikimbia pembeni yanapita katika ufa huo.

Kuhusu rangi ya manjano, hiyo ni njaa ya nitrojeni. Kila fungu la mchicha ulilokata liliondoka na sehemu yake, na nyingine ilichujwa na maji yaliyotoka matunduni. Mmea ukikosa nitrojeni huinyang'anya kutoka kwenye majani yake mazee ili kuyalisha machanga, ndiyo maana manjano yanaanzia chini.

Sasa tandika turubai, pindua ndoo moja baada ya nyingine, na uvunjevunje mabonge kwa mkono udongo ukiwa na unyevu kidogo. Ondoa mashina na mizizi minene. Mizizi membamba iache, kwa kuwa itaoza na kuwa chakula. Hapa ninakusihi usiharakishe, kwa sababu ni nafasi pekee ya kuuona udongo wako kwa ndani. Tazama kama kuna funza weupe waliojikunja, ambao hula mizizi, uwatoe. Tazama pia kama mizizi ina vinundu vilivyovimba kama shanga, kwani hivyo ni kazi ya minyoo fundo, na udongo wenye vinundu hivyo uutenge kwa matibabu nitakayoyaeleza katika swali linalofuata.

Udongo ulio safi uchanganye kwa kipimo cha ndoo mbili za udongo wa zamani kwa ndoo moja ya mboji au samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri. Samadi iliyooza haina harufu kali, haina joto ukiingiza mkono, na huvunjika kama udongo wenyewe. Samadi ya kuku ina nguvu zaidi, hivyo hata ikiwa imeoza, sehemu moja kwa kumi inatosha; ikiwa mbichi huunguza mizizi. Kama udongo wako ni mzito, ongeza pumba za mpunga zilizochomwa zikawa nyeusi bila kugeuka majivu, kwa kuwa huuacha udongo ukiwa na hewa na huchukua muda mrefu kuoza. Maranda mabichi ya fundi seremala usiyatie: vijidudu vinavyoyaozesha huhitaji nitrojeni, na wataichukua ileile unayojaribu kuirudisha.

Lowesha mchanganyiko mpaka ukiufinya mkononi ushikane bila kuchuruzika, ufunike kwa gunia kivulini, na uuache wiki mbili au tatu. Kabla ya kupanda mbegu zote, jaribu kunde kumi katika ndoo moja. Zikiota karibu zote na majani ya kwanza yakanyooka, udongo uko tayari; yakijikunja au kuungua kingo, subiri wiki nyingine mbili, maana samadi haijatulia. Unapozijaza ndoo, usiweke kokoto chini kwa kudhani zitasaidia maji kutoka. Maji hayashuki kwa urahisi kutoka kwenye udongo laini kuingia kwenye kokoto mpaka udongo ulio juu yake ushibe kabisa, kwa hiyo tabaka hilo hulisogeza tope karibu na mizizi na kukupunguzia nafasi. Matundu mazuri yanatosha.

Baada ya hapo, kila unapokata mchicha nyunyizia konzi ya mboji juu ya udongo na umwagilie. Na katika ndoo mbili au tatu kwa zamu, panda kunde badala ya mboga zako za kawaida, kwa sababu mizizi yake hushirikiana na bakteria wanaokamata nitrojeni ya hewani, na majani yake ni mboga pia. Ukimaliza kuchuma, kata mashina na uiache mizizi ndani.

SWALI: Ndugu mshauri, nilipanda nyanya katika viroba nyumbani kwangu Morogoro. Zilipoanza kutoa maua zilinyauka ghafla zikiwa bado za kijani, ingawa udongo ulikuwa na unyevu, na ndani ya siku chache zilikufa. Nimeshauriwa niuchemshe udongo kwenye sufuria kisha nipande tena. Je, ni sahihi?

JIBU: Pole sana, ndugu yangu. Mmea unaonyauka ukiwa wa kijani katika udongo wenye maji hutufanya tushuku mnyauko bakteria, na kuna jaribio rahisi la kuthibitisha. Kata kipande cha shina karibu na ardhi, kining'inize katika glasi ya maji safi, utulie dakika chache bila kuitikisa. Ukiona uzi mweupe kama maziwa ukishuka kutoka kwenye sehemu iliyokatwa, ugonjwa ndio huo.

Hapa msimamo wangu ni tofauti na nilivyomjibu msomaji wa Tabata. Bakteria hawa wanaweza kuishi udongoni kwa miaka, na hakuna mboji itakayowaondoa. Kuchemsha ndoo nzima za udongo kunamaliza mkaa na kunaacha katikati pabichi, kwa hiyo sikushauri. Udongo huo usipandwe tena nyanya, pilipili, bilinganya, nyanya chungu wala viazi mviringo. Watu wengi husahau kwamba mnavu nao ni wa ukoo huohuo, wakaupanda palepale kwa kuwa wanauona ni mboga ya majani tu. Panda vitunguu, mahindi au sukuma wiki, na uuweke udongo huo mahali ambapo maji yake hayatiririkii viroba vingine.

Kwa minyoo fundo na magonjwa mengi ya ukungu, jua linasaidia kweli. Katika miezi ya joto, hasa Januari na Februari kabla ya masika, tandaza udongo uliolowa kwa unene usiozidi sentimita 20, uufunike kwa nailoni angavu na uzibe kingo zote kwa mchanga, uuache wiki nne hadi sita. Nailoni iwe angavu, kwa sababu nyeusi huchemka yenyewe juu bila kuupitishia udongo miale. Unyevu nao ni lazima, maana joto hupenya vizuri zaidi katika udongo uliolowa. Kwa mnyauko bakteria jua hupunguza tu, halina uhakika, na nisingethubutu kumwambia mtu arudishe nyanya. Viroba vya zamani vichome au uvitupe. Ndoo zioshe, kisha zisugue kwa dawa ya klorini ya kufulia, sehemu moja kwa tisa za maji, na uzianike juani.

SWALI: Asalaam aleykum. Niko Unguja. Juu ya udongo wa vyungu vyangu pamejengeka ukoko mweupe, nami humwagilia maji ya kisima. Nimepata makumbi ya nazi ya bure na nataka kuyachanganya na udongo huo pamoja na majivu ya jikoni. Je, inafaa?

JIBU: Wa aleykum salaam. Ukoko huo ni chumvi iliyobaki baada ya maji kukauka, na visima vya karibu na bahari mara nyingi huwa nayo. Kabla ya kuongeza chochote, mimina maji ya mvua au ya bomba polepole katika kila chungu, kiasi cha mara mbili ya ujazo wa chungu chenyewe, yatoke yote chini na usiyarudishe.

Makumbi yanafaa sana kwa kushika unyevu, lakini uliza yametoka wapi. Kama yamekwisha kufukiwa pwani kwa ajili ya usumba, yamejaa maji ya bahari; yaloweke katika maji matamu na uyabadilishe mara tatu au nne kabla ya kuyakatakata. Hata hivyo hayana chakula kingi, kwa hiyo mboji bado unaihitaji. Majivu yaache kwa sasa. Yana potasiamu nzuri, lakini nayo ni chumvi, tena hupunguza uchachu wa udongo, na yakikutana na samadi mbichi huifukuza nitrojeni hewani kwa harufu utakayoinusa mwenyewe. Ukoko usipoonekana tena kwa msimu mzima, unaweza kujaribu kijiko kimoja cha chakula kwa chungu kikubwa.